Naimba kwaya lakini simhisi Mungu ibadani. Je, ameniacha?

*"Bwana asifiwe, mchungaji. Huu ni mwaka wa saba naimba kwaya kanisani kwetu. Zamani tukianza tu kuabudu nilimhisi Mungu, machozi yananitoka, narudi nyumbani na amani ya wiki nzima. Tangu mama yangu afariki mwaka jana, sisikii kitu. Nasimama mbele na kipaza sauti, naimba, watu wanalia, wengine wanaanguka, kiongozi anatangaza kwamba uwepo umeshuka, na mimi niko mkavu kabisa. Mbaya zaidi, nikiwa pale mbele naona mambo yanavyokwenda: mpiga kinanda anajua wapi apunguze sauti, kiongozi anajua kiitikio kipi kirudiwe, na kweli watu wanalia palepale tulipotarajia. Najiuliza kama haya yote ni hisia tu. Dada mmoja wa kwaya ameniambia nijichunguze, huenda nina dhambi ya siri, maana Mungu huketi juu ya sifa na asiyemhisi ana kizuizi. Mwezi uliopita nilikwenda kusali kanisa lingine, nikalia tangu wimbo wa kwanza. Je, Mungu ameondoka kwangu, ameondoka kanisani kwetu, au hakuwahi kuwepo? Na je, nihame?"*

Dada yangu mpendwa, Bwana asifiwe. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Naitanguliza pole hii kwa sababu msiba umeupitia kwa sentensi moja tu, kisha ukaenda kwenye kinanda na viitikio. Mimi naona sentensi ile imebeba mengi kuliko unavyodhani. Nitaifikia.

Umeniuliza mambo matatu, na kila moja linalivuta lingine. Kuna la moyo wako: mbona mimi mkavu? Kuna la ibada yenu: hiki tunachokiita uwepo ni Mungu au ni muziki? Na kuna la uamuzi: nikae au niondoke? Yakichanganyika, utaamua kuhama kwa sababu ya hofu uliyo nayo juu ya moyo wako, na huo ni msingi mbovu wa uamuzi mkubwa. Twende polepole.

Watu wa kanisa tukisema "Mungu yupo hapa", huwa tunasema mambo matatu kwa pumzi moja. Mungu yupo kila mahali: mwimbaji wa Zaburi ya 139 aliuliza akimbilie wapi, akaona hata kuzimu hana pa kujificha. Halafu yupo kwa ahadi katikati ya watu wake wanapokutana kwa jina la Kristo, na ahadi hiyo haikuwekewa sharti la namna mioyo yao inavyojisikia asubuhi hiyo. Kisha kuna nyakati anajidhihirisha hata mwili wenyewe ukajua, kama pale wingu lilipoijaza nyumba aliyoijenga Sulemani na makuhani wakashindwa kusimama kuhudumu. Hayo mawili ya mwanzo hayapandi wala kushuka na wimbo. La tatu ni zawadi, na siku ya zawadi huipanga mtoaji. Maumivu mengi ninayokutana nayo katika kulea waumini yanatoka hapo, pale jambo la tatu linapogeuzwa kuwa kipimo cha la pili: nimehisi, kumbe yupo, sikuhisi, basi hayupo.

Maandiko hayakubali hesabu hiyo. Yakobo alilala njiani, jiwe likiwa mto wake, akaamka na kukiri kwamba Bwana alikuwa mahali pale naye hakujua. Lakini mimi napenda zaidi wale wawili wa njia ya Emau, na ningependa usome sura hiyo, Luka 24, ukiwa peke yako. Kutoka Yerusalemu hadi Emau ni kilomita zipatazo 11. Walitembea na Yesu aliyefufuka, nyuso zimekunjamana kwa huzuni, wakimsimulia yeye mwenyewe habari za kifo chake. Walimtambua alipoumega mkate mezani, na papo hapo akatoweka mbele yao. Ndipo wakaulizana, "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani?" Moto ulikuwepo tangu njiani, ila walikuja kuutambua akiwa ameshaondoka machoni pao. Saa zote walipokuwa wanatembea naye, walichokijua ni huzuni. Wala hatuambiwi kwamba walikuwa na dhambi ya siri. Walikuwa wamefiwa.

Sasa ile aya ya dada yako wa kwaya. Namwelewa, na bila shaka alikusudia mema, ila aya ile imetolewa nyumbani kwake. "Na Wewe U Mtakatifu, Uketiye juu ya sifa za Israeli" ni aya ya tatu ya Zaburi ya 22. Aya ya kwanza unaijua, kwa sababu Yesu aliilia msalabani: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ya pili inasema mtu huyu analia mchana wala hajibiwi, na usiku hapati raha. Hapo ndipo panakuja habari ya Mungu kuketi juu ya sifa. Kwa hiyo aliyelitamka neno hilo alikuwa mkavu kuliko wewe. Alikuwa hasikii kitu, akashika alichokijua juu ya Mungu na kilichowatokea baba zake waliomtumaini wakaokolewa. Tumeichukua aya ya mtu aliyejiona ameachwa, tukaifanya kanuni ya kuwabana watu wanaojiona wameachwa. Inaniumiza kila ninapoisikia ikitumika hivyo.

Hali ni hiyohiyo kwa ile ahadi tunayoinukuu kila mkutano ukiwa na watu wachache: "Kwa kuwa walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao." Ukifungua Mathayo 18 ukaanzia aya ya 15, utaona Yesu anazungumzia ndugu aliyekosa: mwendee mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Ahadi ya kuwepo kwake imewekwa katika kikao cha kusuluhisha, chumba ambacho hakuna anayefurahia kuingia. Haimaanishi kwamba hayupo kwenye sifa. Inamaanisha kwamba tukimtafuta kwenye sifa peke yake, tumeacha kumtafuta mahali alipoahidi kwa kinywa chake kwamba atakuwepo.

Je, dhambi inaweza kumtenga mtu na Mungu? Nisingekuwa mkweli nikisema haiwezi. Daudi aliomba asitengwe na uso wa Bwana, na Isaya aliwaambia watu wake kwamba maovu yao yamewafarikisha na Mungu. Lakini angalia jinsi Roho anavyofanya kazi hiyo. Nathani alipomwendea Daudi alitaja jambo lenyewe, na mtu mwenyewe alijua. Roho Mtakatifu akikushtaki dhambi, anataja jambo na anaonyesha njia ya kutoka. Lile wingu la hatia lisilo na jina, linalokufanya uchimbe miaka yote iliyopita ukitafuta kosa ambalo hulijui, halifanani na kazi yake. Basi kama kuna jambo unalolijua, litengeneze wiki hii, usisubiri. Kama hakuna, acha kuchimba. Rafiki zake Ayubu walimwambia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe, kwa ushairi mzuri kabisa, na mwishoni Mungu aliwakemea wao.

Tuje kwenye muziki, maana hapo naona umeogopa kweli. Ulichokiona ukiwa mbele ni sahihi, na sitakuambia ufumbe macho. Mwanadamu ameumbwa hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipima mapigo ya moyo ya watu wanaoimba pamoja, wakaona mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo hupanga pumzi na pumzi huongoza moyo. Ongeza kiitikio kinachorudiwa, sauti inayoshuka polepole, mwenzako pembeni ambaye tayari analia, na mwili wako utaitikia hata kabla hujaamua. Hutokea uwanjani mashabiki wanapoimba, hutokea msibani, hutokea kwenye maandamano. Machozi peke yake, basi, hayathibitishi kwamba Mungu amefanya jambo.

Ila pia hayathibitishi kwamba hajafanya. Mwili huu ni wake, na tangu zamani amekuwa akiutumia. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inaitikiwa na maneno yaleyale kuhusu fadhili zake za milele, kwa hiyo kurudia kiitikio si ujanja wa viongozi wa sifa wa siku hizi. Nabii Elisha alipotakiwa kutoa neno kwa wafalme watatu, mmoja wao mfalme wa Israeli aliyekuwa hana hamu naye, alisema aletewe mpiga kinanda kwanza, na mpiga kinanda alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia. Nabii mzima aliona anahitaji muziki ili moyo utulie!

Halafu kuna mfalme Sauli. Daudi akimpigia kinubi, Sauli anapata nafuu na roho mbaya inamwacha. Sura mbili baadaye, mpigaji ni yuleyule, kinubi ni kilekile, nyumba ni ileile, na Sauli anamtupia Daudi mkuki wakati mkono wa Daudi ungali kwenye nyuzi. Hilo linanitosha kama fundisho la muziki wa ibada. Muziki unaweza kuufungua moyo, lakini haumwamuru Mungu, na moyo ulioamua kubaki na wivu wake unaweza kuusikiliza wimbo mzuri huku umeshika mkuki.

Kwa hiyo mpiga kinanda wenu kujua wapi apunguze sauti si udanganyifu. Mhubiri naye anajua wapi anyamaze. Udanganyifu unaanza pale mnapoambiwa kwamba kilichotokea mwilini ndicho Mungu mwenyewe, au sadaka inapoombwa makusudi wakati watu wamelegea na hawawezi kufikiri, au asiyelia anapofanywa ajione mchafu. Nitasema wazi pia kwamba simshauri kiongozi yeyote wa sifa atangaze kuwa uwepo umeshuka. Kutangaza hivyo kunawagawa watu pale pale: waliohisi wanajiona wamefika, na wewe uliye hatua mbili kutoka kwake umeshika kipaza sauti unajiona umeachwa nje ya mlango. Atangaze ahadi. Ahadi ni ya wote waliomo ndani.

Sasa nairudia ile sentensi yako. Mama amefariki, na tangu siku hiyo hujasikia kitu. Mtu aliyefiwa mara nyingi hufa ganzi, na ganzi hiyo haichagui. Haikuzuii kulia tu. Inakuzuia pia kufurahi, kutamani chakula, kucheka na rafiki, na ndiyo, kuhisi faraja ya Mungu, kwa sababu vyote hivyo hupitia moyo uleule. Juu ya hilo, wewe hukai kwenye viti. Uko mbele na kazi: kusikiliza ufunguo, kungoja zamu ya sauti yako, kuangalia mkono wa kiongozi, kukumbuka ubeti wa tatu. Akili inayosimamia yote hayo haiwezi wakati huohuo kujiachia. Na moyo wako unajua kwamba ukifungua bomba la machozi mbele ya watu wote hao, huenda usiweze kulifunga wimbo ukiisha. Kwa hiyo umelifunga. Sikulaumu hata kidogo.

Tazama sasa yaliyotokea katika lile kanisa lingine. Hukuwa na kipaza sauti. Hakuna aliyekujua. Hakuna aliyekutazama kuona kama yule dada wa kwaya leo ataguswa. Uliketi, wimbo wa kwanza ukaanza, ukalia. Hebu jiulize kwa upole: ulikuwa unamlilia nani? Yawezekana kabisa Mungu alikukuta pale, nami namshukuru kwa hilo. Lakini yawezekana alichokupa ni nafasi ya kumlilia mama, nafasi uliyoikosa mwaka mzima kwa sababu kwenu ibadani uko mbele unahudumu. Faraja ile ni ya kweli. Ila haikuambii kwamba yuko kule na hayupo kwenu.

Utajuaje basi kama Mungu yupo katika kusanyiko? Paulo aliwaandikia Wakorintho, kanisa lililokuwa na karama tele na kelele tele, kwamba mgeni akiingia akakuta watu wanasema maneno yanayoeleweka, siri za moyo wake zitafichuliwa, ataanguka kifudifudi na kukiri kwamba Mungu yu kati yao bila shaka. Kilichomwangusha mgeni huyo ni kweli iliyofika moyoni mwake. Na kanisa hilohilo aliliambia kwamba linapokusanyika, Meza wanayoila si ya Bwana, kwa sababu wenye navyo walitangulia kula na kulewa huku maskini wakikaa na njaa. Karama zilikuwepo na nyimbo zilikuwepo, lakini njaa ya ndugu mmoja ilitosha kuitia Meza yao doa. Amosi alikuwa amekwisha kulisema kwa ukali zaidi, kwa kinywa cha Mungu: "Niondolee kelele za nyimbo zako." Alichotaka ni hukumu ya haki itelemke kama maji.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na machozi mengi na watu kutetemeka. Lakini wazee wetu hawakuusimulia kwa sababu ya machozi. Waliusimulia kwa sababu watu waliungama kwa majina ya makosa yao, wakarudisha walivyoiba, wakakaa meza moja na watu waliowachukia. Mambo hayo waliyaita kutembea nuruni. Machozi yalikauka, na vitu vilivyorudishwa vilibaki kwa wenyewe.

Nakumbuka ibada moja ya Meza ya Bwana ya watu wachache, bila kwaya. Kulikuwa na wazee wawili ambao walikuwa hawajasemezana kwa muda mrefu kwa sababu ya jambo la kamati, na kila mtu alijua. Sinia la vikombe lilipomfikia mmoja wao, hakuchukua. Aliinuka na fimbo yake, akavuka njia ya katikati hadi benchi la mwenzake, akainama akasema jambo fupi ambalo sisi wengine hatukulisikia. Yule wa pili alibaki ameangalia sakafu, kisha akasogea, akampa nafasi aketi. Kijana aliyebeba sinia alikuwa amesimama palepale, hajui aende wapi, vikombe vikigongana kidogo kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka. Hakuna aliyeanguka wala aliyenena kwa lugha. Ukiniuliza ni wapi nimekuwa na hakika kwamba Mungu yupo kanisani, siku hiyo ni kati ya za kwanza kunijia. Yohana aliandika: "Hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wo wote. Tukipendana, Mungu hukaa ndani yetu."

Kwa hiyo lichunguze kanisa lenu kwa macho hayo. Mama alipofariki, nani alikuja? Nani bado anakuuliza hali sasa, watu wengine wakiwa wamesahau? Neno linalohubiriwa limewahi kukugusa mahali ambapo hukutaka liguse? Wenye ugomvi wanapatanishwa, au wanatenganishwa zamu za huduma ili wasikutane? Asiye na kitu anakaa wapi, na anasemeshwa na nani? Ukipata majibu mazuri hata mawili matatu, Mungu hajaondoka kanisani kwenu, hata kama wewe huna la kuhisi.

Kuhusu kuhama, nitakupa shauri la kale ambalo sijaona lililo bora. Ignatius wa Loyola, padre aliyeanzisha shirika la Wajesuiti na kufariki mwaka 1556, aliwafundisha watu wake kwamba wakati wa ukiwa wa roho mtu asibadili uamuzi aliouweka wakati wa faraja; avumilie kwanza, aongeze maombi kidogo, ajichunguze, na ajue faraja itarudi. Uamuzi wa kujiunga na kanisa hili uliufanya ukiwa na macho mazuri. Usiuvunje ukiwa gizani na kwa ajili ya machozi ya Jumapili moja. Hata huko utakakokwenda, baada ya miezi utapewa zamu, utazoea nyimbo, na ganzi kama haijatibiwa itakufuata.

Lakini zipo sababu za kuhama ambazo ni halali, na sitaki shauri hili likufunge mahali pabaya. Injili ikiwa haihubiriwi, viongozi wakiwatisha watu kwa unabii, wakiwataka wagonjwa watupe dawa, wakidai fedha ili muombewe, wakiwakata na ndugu zenu, au wakifunika maovu waliyotendewa wanyonge, ondoka hata kama kila Jumapili unahisi moto.

Wakati unasubiri, ningekuomba uombe likizo ya kwaya. Likizo kamili, miezi kadhaa, si kukosa mazoezi hapa na pale. Kaa kwenye viti. Wengine wakiimba, nyamaza ukitaka. Imani ya kanisa inaweza kukubeba kwa muda, na hiyo ni sababu mojawapo ya Mungu kutuweka wengi badala ya kila mtu na chumba chake. Omba kwa Zaburi ya 13, ya 42 na ya 88. Hiyo ya 88 inaishia gizani bila kufarijiwa, na bado ni maombi, na bado imo katika Biblia. Njoo kwenye Meza ya Bwana hata ukiwa mkavu, kwa sababu mkate ule haupimwi kwa hisia za anayeupokea. Mtafute pia mtu mmoja aliyefiwa kama wewe, ukaketi naye. Yesu alisema chochote tutakachomtendea mmoja wa hao walio wadogo tumemtendea yeye, kwa hiyo huko nako yuko.

Sikuahidi kwamba ukifanya haya zile hisia za zamani zitarudi. Kwa wengi hurudi, tena zikiwa tulivu zaidi. Kwa wengine hazirudi kama zilivyokuwa. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu jioni ya tarehe 24 Mei 1738 kule London, na Januari iliyofuata akaandika kwamba yeye si Mkristo. Aliendelea kuhubiri zaidi ya miaka 50. Barua za Mama Teresa, zilizochapishwa mwaka 2007 baada ya yeye kufariki, zilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya karibu nusu karne alihudumia wanaokufa bila kuhisi Mungu karibu. Sikutajii hawa ili uige ukavu wao. Nawataja ili usidhani kwamba safari yako imekatika.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna hamu ya kitu chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, au kazi ndogo za nyumbani zimekuwa mlima, nenda kamwone daktari au mshauri wa afya ya akili, na umweleze kuhusu mama. Kama limekujia wazo kwamba afadhali ufe ukamfuate, usikae nalo hata usiku mmoja: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii akupeleke hospitali. Sonona ni ugonjwa na una matibabu, na anayetibiwa hajamkosea Mungu imani.

Na kwa hili la ibada, usiendelee kulibeba peke yako. Mwombe mchungaji wako saa moja, siku isiyo ya ibada. Mwambie ulivyoniambia mimi, pamoja na lile la kinanda. Mchungaji mzuri hataudhika, huenda hata yeye ameshajiuliza. Mwambie unaomba kupumzika kuimba na unahitaji watu wawili watatu waje nyumbani kukaa nawe tarehe ya kifo cha mama itakapofika. Halafu angalia atakavyofanya. Akikusikiliza na kukuachilia upumzike, kaa. Akikuambia kwamba kwaya haiwezi kusimama bila sauti yako, au kwamba asiyeimba ndiye anayezuia upako, nitafute tena, maana hapo swali lako la kuhama litakuwa na uzito mwingine.